Dume la Mzee Orville

Alhamisi, 21 Novemba
Leo sikukamua ng'ombe. Verlyn, mwenye shamba, kanitoa zizini kanipeleka bandani tunapochunia kulungu wa wawindaji, kama kila mwaka msimu wa bunduki ukikaribia. Tumenoa visu, tumeosha mapipa. Mgongo unauma na kazi haijaanza.

Asubuhi, nyuma ya trela langu — kulungu dume. Kasimama kwenye mabua ya mahindi, miguu kaitanua, kichwa chini, masikio yamelegea. Udenda unamtoka. Nikapiga makofi. Hakushtuka. Nikamtupia donge la barafu, akageuka taratibu kama mlevi anayetafuta mlango. Sikio la kushoto limepasuka.

Nilimwambia Verlyn. Akasema ni majira ya majike, madume hawali wiki nzima, wanakonda, wanapumbaa. "Hata wewe ulikuwa hivyo ulipotafuta mke, Chencho." Ni kweli huwa hivyo. Lakini dume mwenye uchu hunusa, huhangaika, hukimbia huku na huku. Huyu hakunusa kitu.

Kwetu Zongolica, mbuzi akitokwa udenda namna ile mama humwua akamfukia. Haulizi mtu.

Jumamosi, 23 Novemba
Msimu umefunguliwa. Milio tangu alfajiri. Kufika mchana nimechuna kumi na wanne. Vidole vimekufa ganzi.

Saa tisa akaja Mzee Orville. Ana miaka themanini na mmoja. Amevaa koti la rangi ya chungwa la marehemu mkewe, Lorraine, mikono inamwishia juu ya viganja. Miaka sita hajapata kulungu. Leo kapata dume wa pembe nane. Watu wote wakatoka kulizunguka gari.

"Mzee, huyu ulimfunga kamba?" mmoja akauliza.

"Alikuja mwenyewe," akasema. "Akasimama hatua kumi, ananitazama. Nikakohoa. Hakuondoka. Nadhani Lorraine kamtuma."

Wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikainua kichwa cha dume ili nimkatie mzee pembe zake. Sikio la kushoto limepasuka.

Mbavu unazihesabu. Kwenye figo hakuna mafuta hata ya kupaka kidole. Nikamvuta mzee pembeni, nikamwambia ampeleke akapimwe, huenda ni ule ugonjwa wa kukonda unaoua kulungu. Akanishika mkono. "Mwanangu, mimi nimekula kulungu kabla baba yako hajazaliwa. Si unaniona nimesimama?" Verlyn alikuwa ananitazama. Nikarudi kwenye kisu.

Jumapili, 24 Novemba
Kichwa cha dume nimekikuta kwenye pipa la taka. Nikakitia kwenye mfuko, nikakipeleka kibanda cha vichwa pale njia panda. Serikali imekiweka, mwindaji yeyote anaacha kichwa humo kikapimwe. Fomu ilinishinda nusu. Namba ya kulungu nilinakili kutoka kibandiko cha mzee. Penye simu nikaandika yangu.

Sikumwambia mtu. Majibu ni kama wiki mbili.

Jumanne, 26 Novemba
Siku ya soseji. Hapa kila mtu hupata mgongo na mapaja ya kulungu wake mwenyewe. Mabaki hapana. Mabaki ya wote huingia pipa moja, pamoja na mafuta ya nguruwe na viungo, kisha soseji zinagawanywa kwa mizani. Baba yake Verlyn alifanya hivyo, na babu yake. Hakuna anayekula kulungu wake peke yake — wanajivunia hilo.

Nikasema, ya Mzee Orville tuiweke kando kwanza.

"Kando wapi? Kwenye kitanda chako? Friza zimejaa."

LaVonne, mke wa Verlyn, alikuwa kwenye mashine anasubiri. "Chencho, umelala?" Nilikuwa nimeshika beseni la nyama ya mzee. Nililishika sijui kwa muda gani.

Nikamwaga. Mimi, kwa mikono hii.

Alhamisi, 28 Novemba
Sikukuu yao ya shukrani. Ng'ombe hawana sikukuu. LaVonne kaniletea bata mzinga na soseji. Bata nimekula.

Alhamisi, 5 Desemba
Ujumbe umeingia nikiwa nakamua. Nimeusoma mara nne, nisije nikawa nimekosea neno. Sikukosea. Ugonjwa umeonekana. Wanashauri nyama isiliwe.

Nilimwonyesha Verlyn. Alikaa juu ya ndoo.

"Nani alikutuma? Kulungu huyo ulimpiga wewe?"

Akanirudishia simu.

"Hakuna mtu aliyethibitika kuupata. Hata mmoja."

Hapo hasemi uongo. Lakini anajua pia kwamba moto hauui ugonjwa huu. Nikamwambia, basi tuwape habari, wachague wenyewe.

"Soseji ziko nyumba kumi na tisa, Chencho. Nikagonge kila mlango niseme nini? Baba yangu alijenga hili banda." Akainuka. "Na watu wa serikali wakija kuuliza nani alikata nyama, wewe utawaonyesha karatasi gani za kuishi hapa?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayenionea huruma. Miaka tisa namfanyia kazi huyu mtu, sijawahi kumwona anaogopa.

Jumamosi, 7 Desemba
Nilikwenda kwa Mzee Orville nimwambie. Njia nzima nilipanga maneno.

Pembe kazitundika juu ya kiti cha Lorraine. Akanimiminia kahawa. Akasema soseji zake zote kazipeleka kanisani, kwa chakula cha Majilio kesho. "Tangu Lorraine aondoke nilikuwa naenda mikono mitupu, nakula vya wenzangu. Mwaka huu watakula vyangu."

Nikanywa kahawa. Tukaongea habari za theluji. Nikarudi.

Jumapili, 8 Desemba
Naandika ndani ya gari, nje ya kanisa. Nimemleta LaVonne na masufuria yake. Niliyabeba hadi ukumbi wa chini. Soseji zimekatwa vipande, zimepangwa na jibini. Mbele yake kadi, mwandiko unaotetemeka: Kutoka kwa Orville na Lorraine.

Wanasifu. Mama mmoja kachukua mara mbili, anamwambia mzee, "Bado una shabaha, wewe." Mzee kawa mwekundu hadi masikioni.

Verlyn alisimama mwisho wa meza na viazi tu sahanini. Akaniona namtazama. Akachukua kipande, akakitia mdomoni, akakitafuna polepole huku macho yake yako kwangu. Sijui alitaka kuniambia nini. LaVonne akachukua pia. Verlyn alinyoosha mkono kama wa kumzuia, halafu akachukua chumvi.

Nikatoka.

Nimefungua ujumbe tena. Simu iko gotini. Mzee anasoma vizuri kuliko mimi, nitahitaji tu kumwonyesha. Au niufute, nimalize msimu.

Mlango wa kanisa umefunguka. Ni yeye. Hana koti, anakanyaga barafu kwa uangalifu, mikononi ana sahani iliyofunikwa kwa foili, bila shaka soseji zangu. Kaniona. Anatabasamu.

Amefika. Anagonga kioo kwa kidole kimoja.