Waini za Nchi Nne na Baba Mkwe Mmoja

Jumapili, jioni.

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule upepo wetu wa Singida unaotafuta bati lililolegea, na ukilipata haukuachi upumzike. Baridi ipo. Kichwa kinaniuma kidogo, na sikumbuki lini kiliniuma nikiwa na furaha namna hii.

Niseme mapema ili nisizunguke: jana nilikaribia kumkosa mchumba wangu, Naomi. Chanzo ni waini. Chanzo kingine ni mshenga wangu, Bwana Seif, ambaye Mungu amsamehe, maana mimi bado natafakari.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza, mimi naitwa Lameki, nakaa Unyambwa na nasimamia mgahawa wa hoteli moja hapa mjini. Kabla ya hapo nilikuwa Arusha, kazi yangu kuwamiminia watalii waini. Huko ndiko nilikoharibika. Tangu wakati huo siwezi kunywa kitu bila kukizungusha kwanza kwenye glasi na kukinusa. Hata chai. Dada yangu Upendo anasema ni ugonjwa na una dawa, ila dawa yenyewe ni fimbo.

Jumamosi ijayo tunapeleka mahari Iguguno, kwa kina Naomi. Baada ya hapo ndiyo harusi, na harusi ina kamati, na kamati ina kamati ndogo ya vinywaji. Mwenyekiti wa hiyo kamati ndogo nilijiteua mwenyewe. Nilitaka jambo moja tu: kwenye meza kuu pawepo waini iliyochaguliwa kwa akili, si chupa yoyote iliyopatikana dukani siku hiyo.

Basi jana mchana nikaita kikao nyumbani kwangu. Wajumbe walikuwa wawili. Wa kwanza ni Dada Upendo, anayeamini waini nzuri ni ile yenye sukari. Wa pili ni Bwana Seif, anauza vitenge sokoni, Mwislamu safi, pombe hagusi wala hakai karibu nayo bila sababu. Sababu ya jana ilikuwa kuku wa kienyeji. Alikaa upande wa dirishani na soda yake, akatangaza kwamba yeye ni mwangalizi wa uchaguzi.

Mezani nilitandika kitambaa cheupe. Nikapanga chupa nne: ya Dodoma, ya Afrika Kusini, ya Chile, ya Italia. Nikapanga na glasi nilizoazima kazini, nikazifuta mpaka zikawa zinalia. Nilikuwa nimeandaa hata hotuba fupi kuhusu udongo na jua la kila nchi. Naona aibu kuiandika hapa, kwa hiyo siiandiki.

Tukaanza na nyeupe ya Afrika Kusini. Nikawaambia wavute harufu, wafikirie pasheni na majani yaliyonyeshewa. Dada Upendo akavuta, akafumba macho, akasema anasikia harufu ya friji. Tukaenda Chile. Hapo akanishangaza: akasema inanukia pilipili hoho. Na kweli inanukia hoho! Nikampa mkono. Nilikuwa nimefurahi kiasi kwamba sikusikia pikipiki ikisimama nje.

Nilisikia hodi.

Sauti ile naijua. Ni ya Mzee Msengi, baba yake Naomi, mzee wa kanisa, mwanaume ambaye hata mbwa wa kwake hubweka kwa adabu. Alikuja mjini kukamua alizeti, akaamua kupita kumwona mkwe mtarajiwa.

Bwana Seif aliruka kwenye kiti. Akanishika shati, akaninong'oneza kwamba kule Iguguno aliwaapia wazee mimi sijawahi kuonja kitu chenye kilevi tangu nizaliwe.

"Kwa nini ulisema hivyo?"

"Nilikuwa nakusifia, bwana!"

Na alinikumbusha jambo ambalo ukoo mzima unalijua. Dada yake Naomi alichumbiwa na kijana mmoja wa mjini, posa ikarudishwa kwa sababu ya pombe. Mzee hakutaka hata kusikiliza mashemeji walioenda kuomba radhi. Mbuzi walirudi walikotoka. Nikawaona mbuzi wangu wa Jumamosi nao wako njiani kurudi, na Naomi amesimama mlangoni kwao anawaangalia.

Dada Upendo, ambaye kwenye hatari huwa anatenda kwanza, alikunja ncha za kitambaa cha meza akazifunika chupa zote nne. Sasa nauliza, kuna kitu duniani kinachoonekana kama chupa nne zilizofunikwa kitambaa zaidi ya chupa nne zilizofunikwa kitambaa?

Mzee akaingia. Shikamoo, marahaba, habari za Iguguno, nzuri, za safari, nzuri, alizeti imetoa mafuta, tunashukuru Mungu. Akaweka dumu lake la mafuta pembeni ya mlango, akakaa. Akakitazama kile kilima mezani kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono na kukifunua taratibu, kama mtu anayeangalia kama ugali umeiva.

Bwana Seif akadakia kwamba ni mali ya hoteli, mimi natunza tu. Dada Upendo akaanza kusoma kalenda ukutani.

"Nimiminie," Mzee akasema.

Nikammiminia ile ya Italia, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Akaipokea, hakuinywa. Akanirudishia glasi.

"Kwetu mwenye kinywaji anatangulia."

Kwa msomaji wa mbali: huku kwetu anayekukaribisha kinywaji anapiga funda la kwanza mwenyewe. Tunaita kutoa uchawi. Ukimwekea mgeni kitu ambacho wewe hukionji, umemwambia jambo baya bila kufungua mdomo. Kwa hiyo nikikataa, nimemtukana baba mkwe ndani ya nyumba yangu. Nikinywa, mimi ni mwongo, mshenga wangu ni mwongo, na Naomi anabaki Iguguno.

Nikashika glasi huku bado nafikiria. Nilikuwa naomba Mungu anipe jibu. Badala ya jibu, mkono wangu ukaanza kazi wenyewe. Ukaizungusha ile glasi. Mara mbili, vizuri kabisa, waini ikapanda kwenye kuta za glasi na kushuka. Halafu pua yangu, bila kuniomba ruhusa, ikaingia ndani ya glasi na kuvuta harufu kama pua ya mtu aliyerudi nyumbani baada ya safari.

Bwana Seif akafunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Unatafuta nini humo?" Mzee akauliza. "Nzi?"

Nikaona imetosha. Nilimwambia mzee kwamba Bwana Seif alinisifia kupita kipimo. Kwamba mimi nakunywa, si kulewa, lakini nakunywa, na waini naipenda kweli, na nilipenda kuwashirikisha watu wa nyumbani kwangu vitu nilivyovionja huko nilikotembea. Kwamba Naomi analijua hilo. Kwamba kama ni kosa, anisamehe, ila sitaki kuingia kwake na sifa ambazo si zangu. Nikanywa funda. Kwa hofu ile, Italia nzima haikuwa na ladha yoyote.

Mzee akanipokonya glasi, akanywa. Akakunja uso mzima.

"Hii ni kali. Inakausha ulimi kama ndizi mbichi." Akanywa tena. "Hawa wenzetu wanakunywa hii kwa hiari yao?"

Kisha akacheka. Sijawahi kumwona akicheka. Akatuambia habari ya yule kijana, na ndipo tulipojua kwamba ukoo mzima unaisimulia vibaya. Kijana alileta kreti la bia kwa wazee, akaliweka mbele yao, halafu mwenyewe akakataa hata kulowesha midomo, akisema ameokoka. Mzee alisema kwa uchungu kabisa: kama hanywi si angeleta soda tunywe wote? Kwa nini atulishe sisi dhambi asiyoitaka yeye? Basi Bwana Seif alipofika Iguguno na kuapa kwamba huyu hata kuonja hajaonja, Mzee alimgeukia mama Naomi akasema, Mungu wangu, mwingine tena. Hakuwa amekuja mjini kwa ajili ya alizeti peke yake. Alikuja kunikagua.

Nilimtazama Bwana Seif. Bwana Seif alitazama kuku.

Baada ya hapo kikao kilibadilika uongozi. Mzee akaamuru glasi zangu zote zirudishwe kabatini, ibaki moja. Eti watu wa nyumba moja kila mtu na glasi yake kama wako hospitali! Glasi ikawa inazunguka: mimi natangulia, anafuata yeye, anafuata Dada Upendo. Ikifika zamu ya Bwana Seif, tunasubiri apige funda la soda yake ndipo glasi irudi kwangu. Mzee hakukubali arukwe hata mara moja.

Nawaambieni, nimeonja waini na watu waliosomea, wanatema kwenye ndoo na kuandika maksi. Sijawahi kufaidi kama jana. Ya Afrika Kusini, Mzee alisema inafaa mchana wa kupalilia. Ya Chile akaona ingekuwa mboga nzuri. Ya Dodoma akaitambua kabla sijataja jina, akasema hii ni ndugu yake divai ya kanisani, ila hii imetembea kidogo. Ile ya Italia aliyoikunjia uso, tulipofika kwenye kuku aliiomba tena, na tena, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha habari ya ndizi mbichi. Mimi nikapata nafasi ya kueleza jinsi waini kali inavyotulia ikikutana na mafuta ya nyama. Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza mpaka mwisho kwenye hilo.

Katikati ya hayo akaniuliza baba yangu alikuwa mnywaji wa nini.

Nikamjibu sijui. Alifariki nikiwa darasa la sita, hatukuwahi kufika hapo. Mzee alinipa glasi kabla ya zamu yangu, akangoja ninywe.

Jua lilipoinama akaomba bodaboda. Akachukua dumu lake, akaaga watu wote kwa mkono, akaondoka. Kuhusu Jumamosi hakusema neno. Hakusema njooni, hakusema msije. Nilisimama barabarani na vumbi la pikipiki, nikaanza upya kuogopa. Dada Upendo akasema mzee akicheka vile ndiyo ameshakubali. Bwana Seif akasema hata yule wa kwanza inawezekana alichekewa. Nusura nimtoe mshenga kwa mateke.

Leo ibadani sikusikia mahubiri. Nilikaa na simu mfukoni, naigusa kila mara. Naomi alipiga mchana, baada ya wao kutoka kanisani. Alianza kwa kucheka, na nilimsihi aache kucheka aseme.

Akasema Jumamosi twende. Akasema baba yake amekataa kuchagua waini peke yake, anataka baba wakubwa na wadogo wa Naomi nao waonje, kwa hiyo nibebe nchi zote nne na kreti la soda la Bwana Seif. Na Bwana Seif aje, ila asiongee.

Halafu akaongeza jambo moja. Akasema jana jioni mama yake alimuuliza mzee ulikuwa wapi mpaka saa hizi. Mzee akajibu, nilikuwa kwa mwanangu Unyambwa.

Hakusema kwa yule kijana. Hakusema kwa mkwe.

Nilimwambia Naomi mtandao unasumbua, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzima kabisa.

Kwa hiyo leo sina habari ya waini ipi imeshinda. Ninalo swali moja linanikosesha raha, na nina wiki nzima ya kulijibu. Nikishuka kwenye gari pale Iguguno, nikamkuta amesimama uani, nitaanza na "shikamoo, mzee" kama siku zote? Au lile neno jingine? Lile sijamtamkia mwanaume yeyote tangu nikiwa darasa la sita, na sikujua kama bado lipo.

Nimelijaribu sasa hivi jikoni, peke yangu, kwa sauti ndogo.

Limetoka.