Mapezi Aliyonichagulia Fundi wa Makatambuga

Dada Zuhura, shikamoo, na mwangaluka ya huku Usukumani!

Tangu mitumba iruhusiwe, soko la Bariadi halikosi kitu, hata mapezi ya kuogelea. Nilikuwa nimeshika marefu ya kupendeza, mzee Masanja, fundi wa makatambuga, vile viatu vya matairi, akaninyang'anya. Akanimwagia maji miguuni, akanivalisha mafupi, akavuta kisigino kuona kama yatachomoka.

"Cha majini hupimwa kwa mguu uliolowa. Hayo marefu yatakuumiza kifundo."

Jana ziwani Kalemela nililalia ubao wa kutelezea mawimbini, wimbi likanibeba, mapezi hayakuchomoka! Na mzee mwenyewe hajui hata kuogelea.

Nilipomsimulia akauliza, "Wimbi linakupeleka wapi?"

"Ufukweni."

"Si ndiko ulikotoka?"

Mbusu mama. Mapezi naja nayo, jibu la kumpa mzee nitafutie wewe.

Mdogo wako,
Saidi