Kiapo cha Bata Bukini

Jumanne, 5 Novemba

Goti limeumuka kama andazi. Siku ya tisa juu ya baiskeli tangu Aleksandria, na mwili umegoma. Rifaat na wenzangu wengine wa safari wametangulia Luxor. Watanisubiri hadi Jumamosi asubuhi, basi. Nimefikia kijiji cha kwanza baada ya Naga Hamadi, kwa Haji Qinawi, mkulima wa miwa aliyenikuta kando ya mfereji nikilitukana goti langu. Siku moja tu ya mapumziko. Moja!

Jumatano, 6 Novemba

Nimelala. Nimekula bata kwa mlenda. Nimelala tena. Goti linakunjika!

Hapo nikakosea: nikaaga mbele za watu. Nikasema kesho asubuhi naondoka. Haji akaruka juu.

"Naapa kwa talaka, mwalimu! Huondoki mpaka Ijumaa baada ya sala, umle bata bukini wangu!"

Yaani nikiondoka bila kula, mkewe kaachika. Na mimi mzaliwa wa nchi hii, najua kabisa – huku Saidi, kusini mwa Misri, mtu huaga akiwa tayari juu ya baiskeli! Mkewe, Bi Nabawiya, alikuwa anamimina chai. Hata macho hakuinua. Baiskeli yangu imepandishwa juu ya paa, inakaa na njiwa.

Alhamisi, 7 Novemba

Mambo yamezidi. Shazli, mdogo wake Haji, jirani wa ukuta mmoja, kapata habari. Kachungulia juu ya ukuta: kaka, mgeni wa kijiji unamfanya wako peke yako? Kisha akaapa naye. "Kwa talaka! Tonge la kwanza la Ijumaa analila kwangu!" Haji akaapa kwa talaka kwamba la kwanza ni lake. Sasa ndoa mbili zinaning'inia kooni mwangu, na koo ninalo moja.

Akaitwa imamu. Alifikiri kwa muda wa glasi tatu za chai. Hukumu: ukuta utobolewe, meza ipitishwe katikati, ndugu wanilishe kwa pamoja, kila mmoja tonge lake, imamu akihesabu moja, mbili, tatu. Wanabomoa sasa hivi. Vumbi hadi kwenye chai. Tumefanya mazoezi kwa mkate mkavu – Shazli ana pupa, kanigonga jino!

Nimecheka mpaka goti likauma.

Ijumaa, 8 Novemba

Wanaume wote wako msikitini. Mimi msafiri, tena nachechemea, nimebaki. Bi Nabawiya kaiteremsha baiskeli mwenyewe, begani, na miaka yake sitini. Magurudumu kayajaza upepo. Mkate kaufunga kwenye kitambaa.

"Panda, mwalimu. Luxor ile kule."

Nikamwambia: mama, si utaachika?

"Miaka thelathini na miwili ananiapia. Kwa bata. Kwa chai. Mwaka jana kwa tikiti maji! Na kila mgeni anakula mbio mbio, ananihurumia. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi."

Basi nikamwuliza. Unataka akuache?

Akapangusa usukani kwa ncha ya shela.

"Nataka siku moja aogope."

Nimeona aibu. Jana nilicheka mimi. Nilicheka sana.

Niko langoni, juu ya kiti cha baiskeli, mguu mmoja chini, daftari juu ya usukani – naandika kwa sababu mikono haijui ifanye nini. Nyuma yangu meza imelala ndani ya ukuta, nusu huku, nusu kule, bata bukini katikati. Sala imekwisha. Haji katokea kwenye kona ya mfereji. Kaniona! Anakimbia, kanzu kaipandisha hadi magotini, kiatu kimoja kimebaki njiani. Nasubiri kiapo.

Hakuna kiapo. Anapiga kelele, sauti imemkauka: "Tafadhali! Nabawiya! Tafadhali!"

Nikataka kushuka. Bi Nabawiya kanishika mkono wa shati.

"Usishuke bado, mwanangu. Yuko mbali. Mwache aseme tena."