Siku Miguu ya Mama Ilipogeuka Rangi ya Chai

Shangazi Kerubo,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Siku tatu baada ya mazishi yako, mama alikitafuta kile kikopo chako cha mafuta ya mikono. Alitafuta kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni, hata ndani ya begi ulilokuwa ukija nalo kutoka saluni. Akaniuliza kama nimekiona. Nikasema sijakiona. Kilikuwa chini ya godoro langu, ndani ya soksi ya shule.

Sikukichukua ili nijipake. Wewe unanijua, mimi hata kioo nakionea aibu. Nilitaka harufu yake tu. Kila siku nikitoka shule nilifungua kifuniko, nikavuta pumzi moja ya asali, nta na mafuta ya nazi, halafu nikafunga upesi ili harufu isiishe. Pumzi moja, basi. Nilikuwa mkali kwa nafsi yangu kuliko mwalimu wa zamu.

Sasa nikueleze mambo yalivyo hapa nyumbani. Ulipoondoka, Ijumaa zetu zilikoma. Hakuna aliyeingia uani akipiga kelele, "Leteni mabeseni, Sabato isitukute na magaga!" Hakuna aliyemkalisha mama kwa nguvu kwenye kile kiti cha plastiki na kumwambia, "Wifi, tulia. Jua bado liko kwenye mgomba wa kwanza. Likifika wa tatu, nitakuachilia." Yule kiboko wa jiwe uliyemnunua kule Tabaka, kwa wachonga mawe, kwa bei ya kutupa kwa sababu alivunjika sikio alibaki juu ya rafu akitutazama. Nilimkumbuka akichemka ndani ya sufuria kama kiazi, wewe ukimfunga kwa taulo na kumweka mgongoni mwa mama, na mama akisema, "Kerubo, siku moja mnyama huyu ataniuma."

Mama aliacha kuketi kabisa. Akitoka kuchuma chai alikwenda senta kupimisha majani, akitoka senta alikwenda kwa ng'ombe. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai na vimepasuka kandokando. Kanisani alihamia benchi la nyuma na kuficha mikono chini ya leso. Na hakucheka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, Shangazi, kwa sababu dawa ya ile mikono nilikuwa nimeilalia.

Halafu siku moja nilifungua kikopo, harufu ikawa imebadilika. Ilikuwa chachu, kama maziwa yaliyosahauliwa. Nikakumbuka uliwahi kuniambia kwamba mafuta yenye maji ya alovera hayakai, yanatakiwa kutengenezwa upya kila mara. Nililia kidogo, kisha nikachukua daftari langu la Biolojia.

Hili nalo hukulijua. Ulipokuwa ukinipaka uso na kusema, "Profesa, funga macho, hapa hakuna mtihani," mimi nilifunga macho lakini masikio niliyaacha wazi. Kurasa za mwisho za daftari zimejaa vipimo vyako. Sukari ya kusugua mikono: kama ya chai ya mgeni. Asali: mpaka kijiko kikatae kuanguka. Avokado: moja isiyo na kiburi, yaani inayobonyea. Unga wa wimbi: kiganja cha mtoto. Maji ya miguu: moto wa kumkaribisha mtu, si wa kumfukuza. Majani ya chai: ya kutosha.

Ya kutosha! Hapo ndipo uliponiponza.

Ijumaa iliyofuata shule ilifungwa mapema. Niliponda avokado, nikachanganya asali na wimbi, nikamchemsha kiboko. Kisha nikafikia chai. Shangazi, sisi ni watu wa Itumbe. Kwetu chai ya kutosha ni ile inayomfanya mgeni aulize kama ni kahawa. Nikamwaga pakiti nzima kwenye maji yanayochemka, nikaacha itulie vizuri, nikapoza na kuongeza chumvi.

Mama alirudi amechoka. Alipoona beseni alisimama mlangoni na kusema, "Moraa, hayo mambo ni ya watu wasiochuma chai. Mimi bado sijachuma mboga." Ungekuwepo wewe ungemjibu. Mimi nilimsogezea beseni na kile kiti cha plastiki. Nikapiga magoti nikamvua gamboti la kwanza. Sikuwa nimewahi kugusa miguu ya mama maishani mwangu. Nikamvua la pili, nikaitumbukiza miguu yake kwenye beseni, na akaketi mwenyewe.

Nilimsugua mikono kwa sukari na asali, kidole kimoja baada ya kingine. Nikampaka avokado usoni. Nikamweka kiboko mgongoni. Alilala, Shangazi! Alilala mdomo wazi, na miguu yake ikabaki ndani ya chai mpaka jua likafika mgomba wa tatu. Baba alipoingia uani alisimama akamtazama. "Asubuhi niliacha mke hapa," akasema. "Nimerudi nimekuta avokado."

Mama akashtuka, akatoa miguu majini. Kuanzia kwenye vifundo kwenda chini ilikuwa ya kahawia, tena ya kung'aa, kama viatu vilivyopigwa rangi. Nilitaka ardhi inimeze. Nikakimbilia limau, nikasugua. Nikakimbilia sabuni ya kipande, nikasugua. Haikutoka, na jua lilikuwa linazama, Sabato ikiingia. Nikainua uso nikitarajia kuona hasira.

Mama alikuwa anatetemeka mabega, avokado ikimdondoka kidevuni. "Moraa," akasema, "umenipika!" Akacheka mpaka kiboko akaanguka. Baba akacheka. Mimi nikacheka na kulia kwa wakati mmoja, limau bado mkononi. Kicheko hicho hatukuwa tumekisikia tangu ulipokuwa ukikileta mwenyewe.

Kesho yake mama alikwenda kanisani na miguu hiyohiyo, ndani ya viatu vya wazi. Baada ya ibada Mama Kwamboka, unamjua jicho lake, aliinama akauliza, "Mama Moraa, soksi nzuri namna hii umenunua wapi?" Nilijificha nyuma ya nguzo. Mama akanyoosha mguu mbele ya wanawake wote. "Amenishonea binti yangu," akasema. "Jaribu kuivuta uone kama inatoka." Walicheka mpaka mzee wa kanisa akaja kuuliza kuna nini. Na mama alikuwa akieleza kwa mikono yake yote miwili, juu, hewani. Leso ilikuwa begani.

Rangi ilitoka baada ya siku kama tano hivi. Kwenye daftari nimeandika: majani ya chai, vijiko viwili, na yawe makapi ya chai iliyokwisha kunywewa. Nadhani ndivyo ulivyokuwa ukifanya. Ulijua tu, hukuona haja ya kusema.

Shangazi, kaa salama huko uliko, miguu yako ipumzike. Nakuahidi kwamba mabeseni yatatoka kila Ijumaa, na yatakuwa yamekauka kabla jua halijazama. Mimi nitazidi kuwa mtu wa vitabu, lakini mikono nitaikumbuka.

Profesa wako,
Moraa

Nimerudi kuongeza haya. Nilipomaliza kuandika nilikitoa kikopo chini ya godoro nikampelekea mama jikoni, nikamwambia kilikuwa wapi siku zote hizo. Alikifungua, akanusa, akasema, "Yameharibika." Kisha akanusa tena, akanivuta nikae karibu naye kwenye kigoda. Mafuta tuliyazika chini ya mgomba wa tatu. Nikaosha kikopo kwa maji moto, nikakianika juani. Mama alikata jani la alovera, mimi nikayeyusha nta, na kabla jua halijazama kikopo kilikuwa kimejaa. Sasa kinakaa juu ya rafu, karibu na kiboko, mahali ambapo kila mtu anakifikia.