Zamu Yangu Haikununua Kabati

Dada Nekesa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kitanda chako, kabati lako la vyombo likinitazama. Limemeza nusu ya chumba. Kila nikipita naligonga kwa nyonga, na kila nikiligonga nakutukana kidogo, kisha naomba msamaha. Nina hasira nawe, dada. Tangu tukuzike kule Bungoma sijathubutu kulisema hilo mbele ya mtu, maana marehemu hasemwi vibaya. Lakini kwangu wewe ni dada yangu kwanza, na tulikuwa tukigombana kila siku.

Mtoto wako Nafula hajambo. Ameng'oka jino la mbele, sasa anacheka akiziba mdomo kwa mkono, vile ulivyokuwa ukicheka wewe. Kibanda cha Gikomba bado tunacho. Nauza nguo za watoto, na huzikung'uta kwanza kama ulivyonifundisha.

Mwezi huu ilifika zamu yangu ya chama. Desturi yetu unaijua: akina mama wanakuchangia, halafu Jumapili wanakuja kunywa chai na kuona ulichonunua. Kisichoonekana hakikununuliwa. Mzunguko uliopita Mama Atieno alionyesha sufuria, Mama Wambui blanketi, nawe ukaonyesha kabati hili. Tulilibeba kutoka kwa fundi hadi hapa Shauri Moyo tukiimba, na watu wakatoka milangoni kutazama. Ulikuwa na furaha, dada. Siwezi kukunyima hilo.

Lakini nesi alikuwa ameshakuambia. Ulikwenda kudungwa sindano ya kupanga uzazi, akakushauri upimwe mlango wa kizazi, akakutajia bei. Ukarudi ukicheka: "Nilipe ndio niambiwe mimi ni mzima? Hospitali ni ya wagonjwa, Naliaka." Wewe! Wewe uliyenifokea kwa kila soksi iliyotoboka, ukisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ulipoanza kutokwa na damu, daktari alisema saratani imeshaenea. Hapo ndipo watu walipochanga. Walichangia dawa, wakachangia sanduku, wakakodi basi la kukupeleka nyumbani. Siku zile chumba hiki hakikuwa na pa kukanyaga kwa watu. Na mimi nilikuwa nikiwaza, mbona hakuna aliyekuchangia ulipokuwa mzima?

Basi pesa za zamu yangu nikazipeleka kliniki, kule Buruburu, nipimwe kile ulichokataa wewe. Nilifunga kibanda siku nzima. Nililipia kadi, nikalipia kuonwa, nikalipia maabara, kisha nikaambiwa nikanunue glavu duka la dawa ng'ambo ya barabara. Kwenye benchi mama mmoja aliniuliza mimba yangu ina miezi mingapi. Nikamwambia sina mimba. Akasogea kando kama vile nina ugonjwa wa kuambukiza, na mkoba wake akausogeza pia.

Nesi alikuwa msichana wa rika langu, mikono baridi. "Legeza, siste. Ukikaza ndiyo itauma." Ilikwisha kabla sijamaliza kusoma bango la malaria ukutani. Nikalia palepale kitandani, nesi akadhani ameniumiza. Hakuwa ameniumiza. Nililia kwa kuwa ilikuwa rahisi vile, na wewe umelala chini ya udongo.

Jumapili wakaja. Walikunywa chai huku macho yakizunguka chumba, hadi Mama Atieno aliposhindwa kuvumilia. "Haya Naliaka, si utuonyeshe?"

Nikawaambia nimeenda kupimwa.

"Kwani umeshikwa na nini?"

"Sijashikwa na kitu."

"Ati pesa ya chama umepeleka hosi na wewe ni mzima? Si ungengoja uwe mgonjwa, tukuchangie?"

Nikapiga kabati lako kwa kiganja, vikombe vikagongana ndani. Nikasema, "Dada yangu alingoja."

Unamjua Mama Atieno, hakosi la kusema. Safari hii aliweka kikombe chini, akatafuta viatu vyake. Waliondoka mapema, chai ikabaki vikombeni, nami nikabaki nikijua chama kimenishinda. Niliviosha vile vikombe kwa hasira. Kisha mlango ukabishwa. Ni Mama Wambui, amerudi eti amesahau leso yake. Leso alikuwa ameitupia begani. Alifunga mlango nyuma yake, akasimama karibu na kabati, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Inauma?"

Nikamwambia haiumi.

"Zamu yangu ni mwezi ujao," akasema. "Utanipeleka?"

Nitampeleka, dada. Lakini kwanza niende mwenyewe, maana majibu yangu yanatoka Alhamisi na ninaogopa. Naogopa sana. Mama yetu tulimzika bila kujua alikufa kwa ugonjwa gani, wewe tukajua tukiwa tumechelewa, na Nafula hana mwingine ila mimi. Usiku wa jana aliniuliza kama nami nitapanda basi lile. Nikamsuka nywele.

Lala salama, Nekesa. Alhamisi nitavaa sweta lako la kijani. Nafula akishakuwa msichana mkubwa, nitampeleka kwenye benchi lile mimi mwenyewe, akiwa mzima, akilalamika njia nzima kwamba haumwi. Na wakisema nitibiwe, kabati lako linauzwa siku hiyohiyo. Usinijie ndotoni kulidai.

Mdogo wako,
Naliaka