Saa ya jasusi ukweni

Wewe, nimejiaibisha ukweni! Nakuandikia nimejificha chooni kwao.

Si nilivaa ile saa yangu ya kijasusi? Baba mkwe akaisifia kidogo tu, basi nikafunguka. Filamu ya kwanza jasusi alivaa ya mkanda wa ngozi, ya tatu ya chuma, ya mwisho kama hii yangu. Mdomo haukuwa na breki!

Mpaka jioni, taa zikawashwa. Akauliza, "Saa ngapi, mwanangu?"

Nikavuta mkono wa shati kwa madaha. "Saa nane na robo, mzee."

Mzee akaitazama taa, akanigeukia.

"Hata ulipoingia uliniambia saa nane na robo."

IMESIMAMA! Mchumba wangu kainamisha kichwa.

Mzee akavua yake, akanivalisha mwenyewe. "Hii haijaigiza popote, mwanangu. Lakini inatembea."