Riyali za Eedo Sahara

Jumatatu. Nairobi, manyunyu tangu alfajiri.

Eedo Sahara anakwenda umra, na hataki kusikia habari za benki wala kaunta ya uwanja wa ndege. Bintiye, Hodan, ndiye aliyenieleza kwa simu asubuhi hii kutoka Garissa.

"Mama anauliza, yule mwandishi si amerudi juzi kutoka Jeddah? Riyali zake anazifanyia nini huko Nairobi?"

Nimecheka peke yangu.

Miaka ya tisini nilikuwa mwandishi wa gazeti Garissa. Eedo ni shangazi kwa Kisomali, na ndivyo mji mzima ulivyomwita mwanamke huyu aliyebadilisha pesa sokoni, mkekani, shilingi za Somalia zimepangwa mbele yake mafungu kwa mafungu. Lakini hakupenda kuziuza. Alipenda kumkutanisha anayekwenda na anayerudi. Kila mmoja ana pesa isiyomfaa tena, alisema, kwa nini wote wawili wapate hasara? Yeye alichukua ujira mdogo, akaagiza chai.

Hakuna aliyegusa noti mpaka chai iishe.

Dereva wangu, Yusuf, alitaka kuvuka mpaka wa Somalia kupitia Diff amlete mama yake, aliyekuwa mgonjwa. Kwa bei ya wabadilishaji wengine, angepata nauli ya lori ya mtu mmoja tu kurudi. Eedo akamwambia asubiri siku ya mnada wa mifugo, watu wa ng'ambo watakapokuja mjini. Alisubiri, akilalamika kutwa kwamba mama atamfia.

Siku ya mnada akatokea mzee aliyevuka kumleta mjukuu wake wa kike hospitalini, ambako shilingi zake za Somalia hazikupokelewa. Wakaketishwa uso kwa uso. Yusuf, kwa wasiwasi, akaanza kumbana mzee kwa bei.

"Wewe Yusuf, umekuja kubadilisha pesa ama kuposa mjukuu wake? Kunywa chai."

"Eedo, mama yangu..."

"Na mtoto wa huyu ni mbuzi? Kunywa, walahi!"

Akanywa. Kikombe kilipofika nusu, alimuuliza mzee mtoto anaumwa nini. Mzee naye akauliza mama yuko wapi, na ikawa anapajua. Akamtajia Yusuf dereva wa lori wa kumwamini. Bei walikubaliana wenyewe. Eedo alizipitia noti moja moja, akamrudishia mzee zile mpya, zilizochapishwa wakati wa vita na kukataliwa katika masoko ya ng'ambo, akamtaka atoe za zamani.

Yusuf alirudi na mama yake, aliyeketishwa mbele kwa dereva. Mtoto naye alitoka hospitalini akitembea.

Miaka ile niliandika habari kubwa kuliko hizo. Nyingi zimenitoka. Chai ile naikumbuka: tangawizi, maziwa ya ngamia, moshi.

Riyali nimezitoa kwenye droo. Nimetazama benki inanunua kwa bei gani na inauza kwa bei gani. Mimi na Eedo tutakutana katikati, kama alivyotufundisha.

Hii itakuwa mara ya kwanza mimi kuketi mbele yake nikiwa yule anayerudi.

Naondoka kesho. Jumatano ni siku ya mnada. Hodan amesema nifike baada ya adhuhuri, na nisinywe chai njiani.